Mkia wa Foleni

Mwanza nzima hakuna mgambo kama wetu wa Kiseke, anayebisha aje amtazame. Buti la kushoto kalifunga kwa kamba ya nyavu, na hulifuta vumbi kwa bereti utadhani linaalikwa ikulu. Akikohoa tu, wabishi wa kijiweni hunyamaza. Siku ya kura kazi yake ni moja: ikifika saa kumi husimama nyuma ya mtu wa mwisho, na atakayekuja nyuma yake hapigi kura tena. Mwaka huu kituo kilihamishiwa shuleni, juu ya majabali. Saa kumi ilimkuta bibi mmoja katikati ya mawe, anapanda kwa magoti, kadi kaifunga kwenye pindo la kanga.

“Kaza mwendo, mayu!” mgambo alimwita kwa Kisukuma, kama amwitavyo mama yake, ilhali muda umeshapita na anajua.

Bibi akaketi juu ya jiwe, anahema. “Si wewe ndiye mwisho wa foleni, mwanangu? Basi shuka usimame nyuma yangu.”

Watu wakacheka. Mgambo alinyanyua mguu, akaurudisha palepale. Foleni ikasogea mlangoni, naye akaifuata kinyumenyume, akimtazama bibi akizidi kuwa mbali.