Tochi ya Mzee Vumbi

Mzee Vumbi alikuwa na kinyaa hata na mate yake mwenyewe. Msicheke. Kazi yake ilikuwa kukagua chumba inamoundwa darubini ya kurushwa angani, ile ya kutafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine. Sayari ya namna hiyo iko pembeni ya nyota yake kama kunguni kando ya karabai. Punje moja ya mba ikidondokea kioo, mwanga unatawanyika na kunguni wako humwoni tena. Basi Mzee Vumbi, kajifunika gwanda jeupe mpaka puani, anamulika kwa tochi ya zambarau inayofanya uchafu ung'ae. Miaka yote hiyo kajifunza jambo moja tu: binadamu anapukutika. Ngozi, nywele, makamasi. Ptuu!

Nyumbani je? Mkewe alikuwa hakumbatiwi, anapanguswa.

Siku mama wa mchumba wa binti yake alipokuja kula mchana, aione familia atakakooa mwanawe, binti alimsihi, "Baba, nakuomba. Tochi leo ilale."

"Imelala, mwanangu." Ilikuwa mfukoni.

Mgeni alikuwa muuza samaki. Akampa mkono, magamba mawili yakabaki kwenye kiganja cha Mzee Vumbi. Mezani, mama yule akachambua mnofu kwa vidole vile vile, akamwekea kwenye sahani. "Kula, mzazi mwenzangu, mtamu huu."

Uzalendo ukamshinda. Tochi ikawaka. Meza nzima ikameremeta: kitambaa, ukingo wa bilauri, vidole vya mgeni.

"Baba!" Binti akaziba uso.

Muuza samaki akaipokonya ile tochi. "Hebu nami nikuangalie, bwana msafi."

Ndevu za Mzee Vumbi zikawaka mba kama anga la usiku.

"Haya, tafuteni sayari!" mkewe akapiga kelele, akacheka mpaka akashika ukuta.

Mgeni hakucheka. "Mimi nanuka samaki, sifichi. Mwanangu naye atanuka, ndiyo kazi yetu. Binti yako kashakubali. Umebaki wewe. Ukila, tumekuwa ndugu. Usipokula, nabeba kapu langu naondoka na posa yangu."

Mzee Vumbi akamtazama binti yake. Binti alikuwa anamtazama koo.

Akafumba macho, akautia mnofu mdomoni. Wa vuguvugu, una unyevunyevu wa vidole vya mtu. Akameza, ukashuka taratibu kama konokono.

"Mtamu," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Si nilikwambia?" Muuza samaki akalamba vidole, kimoja kimoja, akamchambulia mwingine.