Kamera Inayofuta

Mwaka ule tulikula mahindi ya manjano. Yale ya msaada, yaliyokuja na malori, unayachemsha tangu asubuhi na jioni bado yanagombana na meno. Kimanga, ule mseto wetu wa muhogo na maharagwe, kilipondwa kwa muhogo mtupu, maharagwe hakuna. Huko juu Sagalla watu walichuma majani ambayo mama yangu alikuwa akituambia ni ya mbuzi. Hadi leo ukimuuliza mtu wa huku mtoto wake alizaliwa lini, atakwambia, "Mwaka wa manjano," na hutamuuliza tena.

Mwaka huo ndipo lenzi yangu ilipougua.

Mimi ni mpiga picha. Shule niliiacha kabla ya kumaliza darasa la nne, lakini kamera niliijua kama ninavyojua sufuria zangu. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli, na Jumapili akizunguka kambi za mkonge akiwapiga picha wafanyakazi. Alipokufa, watu wa kwao walikuja kutoka magharibi wakabeba redio, baiskeli na suti zake. Kamera waliiacha kwa sababu hakuna aliyejua pa kubonyeza. Nikajifunza mwenyewe. Watoto wangu walikula kamera hiyo, wajukuu wakavaa kamera hiyo, na mmoja wao leo ni nesi kule Bomeni. Nikitembea naye Voi mjini navimba kama kuku aliyetotoa.

Lenzi ilianza na kitu kama uzi mweupe pembeni. Nilidhani ni vumbi, nikaipangusa, haikutoka. Ilikuwa ndani. Nilikuwa nimeirudisha kutoka harusi moja ya milimani, ukungu umetanda, nikaifunga kwenye leso ikiwa bado na unyevu na kuiweka kabatini. Mwezi uliofuata bibi harusi wa Maungu alitoka kwenye picha kama amesimama nyuma ya moshi wa kuni. Mama yake alizirudisha kwenye bahasha, akanilipa pesa zote. Afadhali angenitukana.

Nikapanda basi hadi Mombasa kwa fundi. Akaiinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja. "Mama, hii imeliwa," akasema. "Ukungu umekula kioo. Hapa hakuna kuosha."

Akaniwekea lenzi mbili mezani, zote za mitumba, zote zinaingia kwenye kamera yangu. Moja fupi, pana, inayomeza umati. Nyingine ndefu, ya nyuso, inayokuletea machozi ya mtu karibu kama unataka kuyapangusa. Nilizishika, nikazirudisha, nikazishika tena. Kazi yangu kubwa ni mazishi, na Sagalla ni mlima. Ukirudi nyuma ili familia yote iingie kwenye picha, unaangukia shamba la jirani. Kwa hiyo nilitaka ile pana. Lakini watu wananilipa kwa ajili ya nyuso. Kwa hiyo nilitaka ile ndefu. Nikamwambia fundi aniwekee zote wiki moja nifikirie.

Mjukuu wangu alikuja wiki hiyo akanikuta nimenuna.

"Nyanya, unamnunulia maiti viatu," akasema.

"Maiti ni nani?"

"Hiyo kamera. Duka lililokuwa likiosha filamu hapa Voi sasa linauza simu. Filamu zako zinapanda basi kwenda Mombasa kama wagonjwa wa rufaa. Huyo wa Mombasa naye akifunga?"

"Nitaenda Nairobi."

"Na Nairobi wakifunga?"

"Nitakuja nifie kwako Bomeni, unizike bila picha."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafungua mkoba akatoa kamera ya dijitali, nyeusi, bado inanukia kiwandani. Alikuwa ameshanunua, shetani yule. Ilikuja na lenzi moja inayovutika, mara fupi mara ndefu, kama shingo ya kobe. Lakini si lenzi iliyonishinda. Ni kile kidirisha cha nyuma, kinachokuonyesha picha papo hapo.

Maana kulikuwa na mama mmoja nilimpiga picha akiwa mbele ya jeneza la mwanawe, akatoka amefumba macho. Filamu haikwambii. Unajua ikishaoshwa, na wakati huo kaburi limeshapandwa maua. Mazishi hayarudiwi. Nikamtumia fundi wa Mombasa salamu kwamba auze lenzi zake zote mbili.

Kazi yangu ya kwanza na kamera mpya ilikuwa mazishi ya ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, huko huko Sagalla. Alikuwa dereva wa lori. Aliugua kifua, akaisha kama mshumaa.

Kwetu, kabla jeneza halijashushwa, linawekwa uani na watu wanaitwa makundi kwa makundi kusimama nalo wapigwe picha. Msema chochote anaita watoto, anaita wakwe, anaita kwaya, hata chama cha akina mama wa kanisa. Mgeni anaweza kuona ni mapambo tu. Si mapambo. Wazee wakikaa kugawa shamba, picha hiyo inatandazwa mezani, na wanatazama nani alisimama na jeneza na nani hakusimama. Aliyesimama ni wa nyumba. Ambaye hayumo, atafute shahidi mwingine.

Msema chochote akaita, "Mjane aje mbele sasa."

Mjane akaja, wifi yetu tunayemjua sote, na watoto wake. Halafu kutoka nyuma ya migomba akatokea mwanamke mwingine, kijana, mtoto mgongoni, kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa anauza chai Maungu, pale malori yanapolala. Watu wakanong'ona kama nyuki.

"Na huyu naye? Amekuja kutuuzia chai?" mmoja akasema nyuma yangu.

"Nyamaza wewe," mwenzake akamjibu. "Tazama paji la uso la huyo mtoto. Hilo halikuuzwa Maungu."

Mama wa marehemu, mama yangu mdogo, alikuwa ameketi na fimbo yake, macho yamebaki ya kuona kivuli tu. Akasimama. Akamteremsha yule mtoto mgongoni mwa mamake, akauchukua mkono wake mdogo na kuuweka juu ya jeneza, karibu na mikono ya wale wengine. Kisha akageuka upande niliokuwa.

"Piga," akasema.

Nikapiga. Nikatazama kidirishani. Hakuna aliyefumba macho.

Mama mdogo alimfuata mwanawe kabla mahindi ya manjano hayajaisha. Kwa hiyo sauti yake haikuwepo tena. Ikabaki picha.

Ndugu hawakuchelewa. Kaka wa marehemu, mzee wa kanisa, alikuja kwangu Voi na viatu vimepakwa rangi.

"Dada, hodi. Nimekuja kuona hii mashine. Wanasema inafanya maajabu."

"Inapiga picha tu. Maajabu yako kanisani kwako."

Akacheka, tumbo likatikisika. Nikampa chai. Alikunywa nusu, kisha akaweka kikombe chini taratibu, nikajua sasa anakuja na lililomleta.

"Wazee wanakaa na chifu mwezi ujao juu ya lile shamba. Ile picha itatakiwa."

"Itakuja."

"Ije bila yule wa Maungu na mtoto wake. Kuna kijana wa sayba, yule wa kompyuta hapo stendi, anamtoa mtu kwenye picha kama kutoa jiwe kwenye mchele. Wewe mpe ile kadi ya kamera, na wazee wakikuuliza, useme ndiyo uliyopiga."

"Na mama yetu aliyemshika mtoto mkono? Naye atolewe?"

"Mama alikuwa haoni, dada. Alishika mtoto wa mtu."

"Alimpata bila macho. Wewe mwenye macho mawili unashindwa."

Hapo hakucheka. Akasogea karibu, akapunguza sauti kama anayesali. "Zamani ungeniambia negativu haikubali, ningeelewa, ningeenda zangu. Sasa inakubali. Unakataa wewe, si kamera. Unatukataa sisi, damu yako."

Alisema kweli, na ndiyo ilinichoma. Miaka yote ile filamu ndiyo ilikuwa ikikataa kwa niaba yangu. Sasa ilibidi nikatae kwa mdomo wangu, mbele ya mtoto wa baba mdogo.

"Alikuwa pale," nikamwambia. "Simtoi."

Aliondoka akiacha chai. Tangu siku hiyo Sagalla walizika bila mimi. Walimleta kijana mmoja mwenye miwani ya jua, anapiga picha huku anatafuna chingamu. Nilikuwa nasikia kwaya zikipanda mlima kwa pikapu, nami nimekaa mlangoni na kamera mpya mapajani. Majirani wakawa wananisalimu kwa haraka, kama mtu anayepita karibu na nyumba yenye surua. Yule mwanamke wa Maungu alinitumia salamu na mtu wa bodaboda kwamba atakuja kuchukua nakala yake. Hakuja. Labda aliogopa, labda walishamwambia kitu. Bahasha yake ilikaa dirishani mpaka jua likaanza kuinyausha.

Siku chache kabla ya kikao cha wazee, wifi alikuja. Mjane mwenyewe. Hakupiga hodi kwa sauti, hakuvaa vizuri. Aliketi pembeni ya kiti kama mtu ambaye hajaambiwa akae.

"Wifi, sikuja kugombana," akasema. "Hilo shamba umeliona. Mwaka huu limetoa magunzi. Hata tukiwa peke yetu halitutoshi. Likikatwa katikati, wangu watakula mawe na wake atakula mawe."

Nikammiminia chai. Ilikuwa kweli.

"Yeye ana kibanda chake barabarani. Ana nguvu, ni kijana, atapata mwanamume mwingine. Mimi nani atanitazama? Nilimuuguza huyo mtu. Nilimfulia damu. Yeye alikuja siku ya picha." Machozi yalikuwa yanashuka, hakuyapangusa. "Wewe mwenyewe ni mjane. Nilidhani kati ya wote, wewe utanielewa."

Nilimwelewa. Hilo ndilo baya. Yule kaka nilimkataa kwa hasira, na hasira inakusaidia kusimama. Huyu alikuja bila kunipa hasira yoyote.

Nikamtolea picha aione. Aliitazama kwa muda mrefu, kidole chake kikapita juu ya jeneza, juu ya watoto wake, kikaruka yule mwanamke, kikatua juu ya uso wake mwenyewe.

"Hapa nimetoka vizuri," akasema polepole.

"Umetoka vizuri, wifi."

Akanirudishia. Hakuinua kichwa.

"Basi huwezi kunisaidia hata kidogo? Hata kwa ajili ya hawa watoto?"

Nilitafuta neno la kumpoza. Nililokuwa nalo ni lile lile moja.

"Alikuwa pale," nikamwambia. "Simtoi."