Meza Isiyo na Kitambaa

Jumamosi, siku yetu ya Sabato, baada ya kanisa mama mkwe aliingia kwangu Nyanchwa, na kabla hata ya kuketi akaangalia meza. Kwetu, meza bila kitambaa ni kama kumwambia mgeni hukumtarajia, na kitambaa chenyewe alikifuma yeye, chenye pindo refu la kuning'inia.

"Nilikufumia cha kuweka kwa kabati?"

Ningeanzia wapi, kwamba mtoto ameanza kushika vitu asimame, kwamba alivuta lile pindo, chai ya moto ikaja nalo na kupita karibu na sikio lake? Nikaweka mbele yake kipande bapa cha kuwekea kikombe, cha jiwe la sabuni la kule Tabaka, kizito, nilichonunua baada ya vibao vya mbao kushikamana na kikombe na vya plastiki kuteleza. Nikaweka kikombe juu yake, nikamimina chai.

Hapo mtoto akatambaa hadi mezani, akainua mkono. Sote wawili tukaacha kupumua. Vidole vikapapasa ukingo wa meza, vikatafuta pindo, vikakosa. Akaketi chini, akanuna. Chai haikutikisika.

Mama mkwe akaangalia kikombe, kisha mtoto, kisha mimi.

"Ilimwagika?"

"Ilimkosa kidogo tu, mama."

Akanywa yote. Mlangoni ndipo akasema, "Mawe kama hayo ninunulie pia. Kule kwangu Ekerenyo wajukuu ni wengi."

Wiki hii ameniletea kitambaa kingine. Kinatosha juu ya meza tu, na hakina pindo.