Majibu Niliyoyajaza Jikoni

Uliponiambia juzi kwamba umepata kazi ya kuzunguka vijijini na kishikwambi, kuwauliza watu kama wanaziamini ofisi zinazowatumikia, nilicheka mpaka chai ikanipalia. Ukadhani nakucheka wewe. Hapana, mwanangu. Nilikuwa nimekumbuka siku moja ya Julai, kule juu karibu na msitu wa Ngorongoro, niliposimama mbele ya mlango uliofungwa nikitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na viatu vyangu.

Unajua mimi ni mtu wa namna gani. Baba yangu aliniita Safari, na sidhani kama kuna mzee wa Kiiraqw aliyewahi kukosea zaidi katika kumpa mtoto jina. Watu wanapanda ndege kutoka nchi za mbali kuja kuiona kreta. Mimi niliyezaliwa chini yake nimekwenda mara moja tu, tukiwa kidato cha pili, na siku hiyo niliomba nibaki kwenye basi kwa sababu ya baridi. Sijawahi kukitamani kitu cha nje ambacho mtu hawezi kuniletea ndani.

Wakati ninaokuhadithia nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Usicheke, ujana wangu ulichelewa kuisha. Akaja kijijini kwetu mwanamke mmoja mwembamba, mhadhiri wa chuo kikuu, mwenye miwani mikubwa na koti jepesi kama karatasi. Tulimwita Dokta. Alikuwa anatafiti imani ya wananchi kwa ofisi zao: ya kijiji, ya kata, ya wilaya, na hao wanaosimamia wanyamapori. Alihitaji mtu aliyemaliza kidato cha nne, mwenye mwandiko unaosomeka, anayejua Kiswahili na Kiiraqw. Mtendaji wa kijiji akamtajia jina langu. "Huyu," akamwambia, "saa yoyote ukimfuata nyumbani, yupo." Nami nikaona nimesifiwa.

Dokta alinipa madodoso arobaini, ya nyumba arobaini. Maelekezo yalikuwa mafupi: fika, keti, uliza, nyamaza, andika alichosema mwenyewe. Kila swali lilikuwa na majibu manne: siamini kabisa, kidogo, wastani, sana. Kisha akanieleza jambo ambalo ningelishika vizuri tusingekuwa tunazungumza haya leo. Wilaya ilikuwa na mpango wa kujenga kituo cha askari wa wanyamapori, kimoja tu, na bado haikuwa imeamua ni kijiji gani. Walikuwa wanaingoja ripoti yake waone wapi watu wameteseka na kukata tamaa. Na sisi, mwanangu, tulikuwa tunalimia tembo. Tunapanda, tunapalilia, mahindi yanakomaa, wenyewe wanashuka kutoka msituni kuvuna.

Siku ya kwanza nilihoji nyumba tatu. Ya kwanza ilikuwa na mbwa. Ya pili walinilazimisha makande, sahani mbili. Ya tatu mzee alianza na habari ya kuzaliwa kwake, na mpaka kuku wanaingia bandani tulikuwa bado hatujafika swali la pili. Nikarudi nyumbani nimechoka kama niliyebeba magunia. Mke wangu, Mama Neema, akanitazama ninavyovua viatu.

"Umelima wapi leo?" akauliza.

Kulipokucha ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Nikakaa jikoni karibu na moto, madodoso thelathini na saba magotini, na hapo ndipo akili yangu ya sekondari ilipoanza kunidanganya. Nikawaza, hawa watu nisiowajua ni akina nani? Nimezaliwa nao, nimebatizwa nao. Na sisi watu wa huku mgeni akituuliza habari tunasema nzuri, hata kama paa limeondoka na upepo jana yake. Sasa niende nikaloweke miguu ili niletewe jibu ninalolijua?

Nikachukua kalamu. Nikawahoji wote hapo hapo, kwa moto.

Naomba utambue kwamba sikufanya uzembe wa kizembe. Nilitumia kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, ionekane nimekwenda siku tofauti. Wengi niliwapa "sana," maana niliona Dokta anatoka mbali na si adabu kumpa mgeni habari mbaya. Hapa na pale nikatia "wastani" ili wafanane na watu. Jirani mmoja ambaye kuku wake walikuwa wanachakura maharage yangu nikampa "siamini kabisa" kuanzia juu mpaka chini, asikose mkorofi.

Mama Neema akachungulia begani kwangu. "Baba Neema, unawahoji watu au unawahukumu?"

"Nawahoji kichwani."

"Kumbe kichwani mwako kuna nafasi hivyo," akasema, akaendelea kuchambua maharage yake.

Nilikaa na makaratasi yale siku tatu nzima kabla ya kuyapeleka, ili niheshimike kwa uchovu. Dokta akayapokea, akayasoma moja moja pale kwenye benchi la ofisi ya kijiji, akavua miwani.

"Kaka Safari, watu wa kwenu wana imani kubwa sana."

"Ni watu wa kanisani, Dokta."

"Mimi huwa narudia nyumba chache kusalimia. Twende hii." Akatoa dodoso la Mzee Bura, nyumba ya pili kutoka msituni.

Nikamwambia ni mbali. Nikamwambia kuna utelezi. Nikamwambia kuna mbwa mkali, mbwa ambaye nilimwazima kutoka ile nyumba ya kwanza. Dokta akafunga zipu ya lile koti lake la karatasi, akatangulia.

Tulipofika hatukukuta mbwa. Hatukukuta mtu. Mboga ya maboga ilikuwa imepanda ukutani, ikavuka mlango, ikaweka na boga moja juu ya kizingiti. Shamba lilikuwa mabua yaliyolala, na katikati ya uwanja kuna kinyesi cha tembo kilichokauka zamani. Nikajifanya kubisha hodi. Nilibisha mara tatu, kwa heshima zote.

Kutoka nyumba ya mwisho, ile inayopakana na msitu wenyewe, akaja Bibi Magdalena, ajuza aliyejifunga shuka mbili, mkononi ana fagio la vijiti.

"Unambishia nani, Safari?"

"Mzee Bura, bibi. Hajambo?"

"Bura yuko Mbulu kwa binti yake, tangu mahindi yanaanza kubeba. Tembo waliingia mara mbili, akaenda ofisini mara mbili, akaambiwa subiri. Mara ya tatu hakwenda. Alifunga virago."

Dokta akatazama karatasi. "Hapa pameandikwa alihojiwa Alhamisi iliyopita. Anaamini sana kwamba malalamiko yake yatashughulikiwa."

"Alhamisi?" Bibi akafikiri kidogo. "Basi alipita hapa bila kunisalimia. Si kawaida yake."

Mwanangu, hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Ukungu nao ukaondoka ghafla, nikabaki naonekana mzima mzima. Bibi alinitazama viatu, akaona tope lake ni la siku hiyo tu, akaelewa kila kitu.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi nilisema nini?"

"Bibi, tuache kwanza..."

"Nisomee."

Dokta akanipa dodoso la Bibi. Nikasoma kwa mwandiko wangu unaosomeka. Swali la kwanza, unaiamini kiasi gani ofisi ya kijiji? Sana.

"Nimesema mimi?"

La pili, unaamini kiasi gani kwamba wanyama wakiharibu mazao utasaidiwa? Sana.

"Na mwaka huu nimevuna nini, hilo nilikujibu?"

Halimo, nikasema. La tatu, unajisikia salama kiasi gani nyumbani kwako? Sana. Bibi akageuka akautazama ukuta wake wa nyuma, ambao kona moja ilikuwa imetegemezwa kwa miti miwili, maana tembo alijikuna pale. Akacheka kidogo. Angenitukana ingekuwa afadhali.

"Safari mwana wa Gwandu," akasema, "nilisikia kanisani kwamba kuna mtu anapita kuuliza. Nimefagia huu uwanja siku tatu. Nimeazima vikombe. Mimi tangu nizaliwe naambiwa tu njoo mkutanoni, nyoosha mkono, rudi nyumbani. Hakuna aliyewahi kunifuata mlangoni aniulize, wewe Magdalena unaonaje. Hiyo siku imekuja, umenijibia wewe, ukiwa umekaa wapi?"

"Jikoni, bibi."

"Jikoni," akarudia, kama mtu anayeonja chumvi.

Dokta alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya koti. "Ningeipeleka hii wilayani," akasema polepole, "wangeandika kwamba hapa mambo ni shwari. Kituo kingekwenda kwa wengine."

"Tembo wangefanya sherehe," Bibi akasema. "Ingieni mnywe chai. Vikombe vyenyewe narudisha leo."

Tukanywa. Nimekunywa chai nyingi, lakini ile ilikuwa ngumu kumeza kama ugali mkavu. Nilitegemea Dokta aniachishe kazi, na ukweli ni kwamba nilikuwa naliombea hilo kimoyomoyo, nirudi zangu kwa moto. Yeye akatoa madodoso mapya kwenye begi, akayahesabu mpaka thelathini na sita, maana Bura hakuwepo, akaniwekea magotini.

"Nakupa siku tano," akasema. "Nitatembea na wewe."

Habari ilitutangulia, sijui ilipita njia gani kwenye ule utelezi. Kila nyumba niliyofika walikuwa na neno. "Leo umekuja mwenyewe au umetuma kichwa?" Mwingine akaniuliza kama anaweza kubaki amelala, nimjibie. Yule wa kuku alinikaribisha vizuri sana, akanikalisha, kisha akasema, "Nasikia mimi siamini kitu chochote. Hebu nieleze sababu zangu." Na ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa na imani kuliko wote. Hakuna hata jibu lake moja nililopatia. Mzee wa nyumba ya tatu, ambaye nilikuwa nimeshamhoji kihalali, alidai naye arudiwe, maana alikumbuka habari aliyoisahau ya kuzaliwa kwake.

Mimi niliyedhani nawajua, nilikuwa nazijua salamu zao tu.

Bibi Magdalena alitaka awe wa mwisho. Alijibu taratibu, akifikiri kila swali kama mtu anayechagua mbegu, nami nikaandika bila kuongeza nukta. Swali la mwisho kabisa lilikuwa hili: unamwamini kiasi gani mtu anayekuhoji sasa hivi? Kule jikoni nilikuwa nimelijaza mara thelathini na saba, na usiniulize nilijaza nini.

Aliinama kidogo. Akanitazama viatu, vilikuwa vimebeba udongo mwekundu mpaka kwenye kamba.

"Andika kidogo," akasema. "Mwakani uje uniulize tena."

Kituo kilijengwa, cha mabati, pale juu karibu na nyumba yake, baada ya mavuno mawili mengine ya kuliwa. Tembo bado wanashuka, lakini sasa kuna mlango wa kugonga, na mwenye mlango hutoka na tochi. Mzee Bura alirudi, akakuta boga lake limezaa ukoo. Na mimi, mtu wa kukaa nyumbani, kila mwaka Julai nakipanda kile kilima kwenda kuulizia alama yangu. Miaka mingi ilikuwa kidogo, na chai. Mwaka jana alinitazama, akasita, akasema, "Wastani." Nilishuka mlima nikiimba, Mama Neema akadhani nimepita kilabuni.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Hicho kishikwambi chako kinaonyesha ulikosimama, kwa hiyo jikoni hutaweza, lakini mtu anaweza kusimama mlangoni kwa watu na bado akawajibia kichwani. Usiwamalizie sentensi. Ukiuliza, funga mdomo, hata kama mzee ameanzia kwenye kuzaliwa kwake, huenda jibu liko huko. Usimpe mtu imani ambayo hajakupa kwa mdomo wake, na asiyeamini usimwandike mkorofi mpaka umeuona ukuta wake wa nyuma. Chai ukipewa, kunywa.

Mungu akupe miguu isiyolalamika kama yangu. Akufungulie milango, na ndani ya milango akupe watu wa kukuambia kweli hata isipokupendeza. Viatu vyako virudi vichafu kila jioni. Na ukifika kwa Bibi Magdalena, msalimie, mwambie Safari anakuja Julai, na kwamba haombi "sana." Wastani inamtosha.