Namba Zilizotembea za Mbaluka

Mume wangu Mbaluka alikuwa mtu wa kufungafunga. Simu yetu pale mtaa wa Tena aliitia kufuli, na ufunguo akatembea nao. Sukari aliisawazisha kwa kijiko, akachora alama juu yake ajue kama imeguswa. Iguswe na nani, jamani? Nyumbani tulikuwa yeye, mimi na mtoto wetu Kavata! Nikimuuliza, ananiambia aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyo nyoka mwenyewe sijaonyeshwa mpaka leo.

Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za vyuma vya paa katika karakana ya Bwana Magan, kule mtaa wa Baba Dogo. Mwaka wa tisini na saba Magan akaleta kompyuta. Adoyo, mama mmoja wa mtaa wa Fedha, akawa anaandika vipimo vya mafundi kwenye jedwali katika mashine yake, na jedwali hilohilo linaonekana pembeni mwa mchoro wa Mbaluka. Fundi aliyeziunganisha mashine hizo mbili alieleza vizuri: Adoyo akibadilisha kule, huku panabadilika penyewe. Mbaluka hakusikia. Alikuwa akimwangalia fundi mikono, asije akaondoka na kitu.

Basi asubuhi moja akafungua mchoro wa paa la kanisa letu, akakuta urefu wa chuma si ule aliouacha jana. Akaja nyumbani amevimba.

"Mama Kavata, huyo Adoyo anaingia kwa mashine yangu. Anataka kiti changu."

Akabadilisha neno la siri. Namba zikatembea tu. Jioni nyingine akalaza njiti ya kiberiti juu ya kibodi. Asubuhi njiti iko palepale, namba si zile. Nikamwambia, si umuulize tu?

"Nilimuuliza! Eti zinakuja zenyewe. Mimi mtoto?"

Mwishowe akapata dawa. Akalitoa lile jedwali, akalibandika upya kama picha ya kawaida, ambayo haibadiliki hata ukiiombea. Namba zikatulia tuli. Akamwita Magan.

"Umeona? Tangu nifunge mlango, mwizi hajaingia."

Magan alichojua juu ya kompyuta ni kuiwasha. Adoyo alieleza mpaka akalia, lakini namba kweli zilikuwa zimetulia, na hilo ndilo lililomponza. Akaambiwa arudi nyumbani, asije tena. Nilikasirika mimi! Mume wa Adoyo alikuwa amepunguzwa kazi kule reli, na mshahara wa Adoyo ndio uliokuwa unalisha watoto. Nilimpakulia Mbaluka ugali siku hiyo nikaibwaga sahani mezani, na yeye akakagua mboga.

Jumamosi ya kuinua vyuma, sisi waumini tulikuwa chini tunaimba. Chuma cha kwanza kikapanda. Upande mmoja ukakaa ukutani, wa pili ukabaki hewani, haufiki. Wimbo ukakatika. Vyuma vyote vilikuwa vimekatwa vifupi.

Magan akaenda kufungua kompyuta ya Adoyo, na urefu sahihi ulikuwa humo. Mafundi walikuwa wamepima ukuta upya, Adoyo akaandika kabla hajafukuzwa. Ile picha ya Mbaluka ikabaki na urefu wa zamani, na ndio uliofuatwa.

"Wewe ndiwe uliyemtoa," Magan akamwambia. "Nenda umrudishe."

Nilimsindikiza hadi kwa Adoyo kule Fedha, maana peke yake angepotelea njiani makusudi. Adoyo akatufungulia, akatukaribisha vizuri. Mbaluka akakaa ukingoni mwa kochi, kofia mikononi.

"Mama, nilikukosea. Nilikuita mwizi bure. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Baba Kavata. Jumatatu nitakuja kazini."

Nikashukuru Mungu kwa sauti. Adoyo akasema tusiondoke bila chai, akainuka. Alipofika mlango wa jikoni akasimama kidogo, akarudi. Mkoba wake ulikuwa juu ya kochi, karibu na Mbaluka. Akauchukua bila kumtazama, akaenda nao jikoni.