Dawa Isiyotajwa Jina

Macho ya mume wangu yaligeuka manjano tukiwa kwenye palizi ya maharage. Nikamwambia twende hospitali. Mama mkwe, tunayeishi naye hapa Nyamiaga, akasema ini halitaki sindano, akaenda porini na kurudi na majani. Aliyachemsha peke yake nyuma ya nyumba. Kwao dawa haitajwi jina; ukiitaja, inakufa. Nami sikuuliza. Umeolewa kwa watu, utauliza nini?

Nililamba kikombe, nikaitambua ladha ya mubilizi, ule mti mchungu wa kwenye uzio. Lakini ndani yake mlikuwa na kitu kingine, chenye harufu nzito, ambacho sikukijua. Mume wangu akanywa wiki mbili. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, tumbo likajaa. Mwishowe nikasema potelea mbali, wakinisema na waniseme, nikaita bodaboda mbili, tukaenda hospitali sote watatu.

Daktari alisoma majibu ya damu, akatuambia ni homa ya ini, kisha akauliza mgonjwa anakunywa nini nyumbani. Kwa kumwogopa mama mkwe nikajibu, "Uji tu."

Hakunisadiki. Akamgeukia mama mkwe. "Shikamoo mama. Sikugombezi. Kuna majani watafiti wamewapa panya, ini likapata nafuu, ila kwa mtu kipimo chake bado hatukijui. Na kuna mengine yanaliharibu ini lenyewe. Nikijua ametumia yapi, nitajua pa kuanzia."

Mama mkwe hakuitikia hata ile shikamoo. Mume wangu alikuwa anahema kitandani, midomo imemkauka. Ningeweza kusema mubilizi, lakini kilichotakiwa ni hicho kingine, na alikijua yeye tu. Nilimchukia wakati ule, sifichi.

Mama mkwe akamtazama mwanawe, akafunga kanga yake upya, akaanza kutaja. Mubilizi. Jani lingine. Halafu mzizi mmoja, kwa Kihangaza, polepole ili daktari aandike. Alipoulizwa mmea wenyewe ukoje, akaeleza mpaka rangi ya maua yake.

Kisha akanishika mkono, machozi yanamtoka.

"Mwanangu, dawa yake nimeiua. Hawa wasipomponya, hana kingine."