Kofia ya Nyumba ya Jenista

Mvua zilizobomoa nyumba nyingi za udongo hapa Isongole ziliiangusha na ya Jenista, mjane anayelima maharage. Alibaki na bati zake tu. Bei ya saruji ilimshinda, na kuni za kuchomea matofali hakuwa nazo.

Kama desturi yetu, majirani walikuja kumfyatulia matofali mabichi, naye akawapikia. Alipopima msingi walishangaa. Bati zilitosha vyumba vitatu kama zamani, lakini yeye alipima viwili. Zilizobaki alitaka zitokeze nje ya kuta pande zote, zishikwe na nguzo za miti ya milingoti, ili mvua isifike ukutani.

“Shemeji, unajenga nyumba au unaivalisha kofia?” akauliza Lucky, mdogo wa marehemu mumewe.

“Naivalisha. Ukuta wa udongo huanza kufa miguuni, ukirukiwa na maji.”

“Na watoto?”

“Watabanana. Kubanana hakujaua mtu.”

Walicheka hadi mwiko ukamdondoka mmoja.

Masika yaliyofuata yalikuwa makali kuliko yaliyotangulia. Ukuta wa nyumba ya Lucky ulilala chini. Mkewe na watoto walihamia upenuni kwa Jenista, na magunia yao ya maharage, wakaukuta ukuta wake mkavu hadi chini.

“Ukijenga tena, shemeji?” Jenista akauliza.

“Utanipimia kofia wewe.”

Siku hizi nyumba nyingi za Isongole zina upenu mpana. Ya Jenista bado ina vyumba viwili, na wanawe wamekulia humo wakibanana.